Chupa Nambari Kumi na Saba

S.L.P. 117,
Kangundo
6 Septemba 2020

Kwa mpwa wangu Mueni,

Huku kwetu hatujambo kwa kadiri ya mwaka huu, maana siku hizi mtu akisema hajambo anatazamwa mara mbili. Mke wangu Kavutha anakusalimu na anauliza kama huko Kisumu unakula mboga au ni samaki tu. Ng'ombe mwekundu alizaa ndama jike. Mvua bado, na kahawa inasubiri pamoja na sisi.

Utashangaa kwa nini mjomba wako anaandika barua kama mtu wa zamani na simu iko mfukoni. Simu yangu ikilia, nyumba nzima husikiliza. Tena nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa kwa miaka ishirini na tisa, na jambo ambalo halijaandikwa mimi silihesabu kuwa limesemwa.

Jambo lenyewe ni baba yako.

Unajua mama yangu, nyanya yako Kalondu, aliugua tarehe mbili Julai na tarehe kumi na moja akatuacha. Unajua tulivyomzika: watu kumi na watano, maafisa wa afya ndani ya nguo nyeupe za plastiki, na kaburi likafunikwa kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Wewe hukupewa ruhusa kazini na sikulaumu. Majibu ya kipimo chake yalikuja siku tano baada ya mazishi, kwamba ilikuwa korona. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza iliingia kwa mlango gani.

Mwezi uliopita nilipata jibu. Gari la kliniki fulani lilipita kwenu Kyumbi likipima watu damu ya kidole, na baba yako Musili akapimwa. Kipande cha plastiki kikaonyesha mistari miwili, yaani alishaugua na akapona. Alikileta hapa mwenyewe akitabasamu, akatuonyesha kama cheti cha shule. "Mimi nimeshamaliza hiyo kitu," akasema. "Sasa niko na kinga." Nikamwuliza mara ya mwisho kufika hapa kabla Mama hajaugua ilikuwa lini. Akasema tarehe ishirini na nane Juni, alipoleta mbuzi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Huyu ni mtu anayeendesha lori la mbuzi la tajiri wake Nur kutoka Kyumbi mpaka Nairobi, na kila wiki yuko sokoni katikati ya watu.

Nilimwambia asikanyage tena boma hili. Mama yako Loise akasema basi na yeye hakanyagi. Wiki ya tatu sasa dada yangu hajanisalimu, na tulizaliwa tumbo moja. Julai ijayo tutamfanyia Mama ukumbusho na kusakafia kaburi. Sitaki Musili asimame hapo.

Mimi mwenyewe ni mzima. Nilipata mafua kidogo mwishoni mwa Juni, Kavutha akanicheka kwa sababu maziwa yaliungua mbele yangu jikoni nisisikie harufu, lakini tangawizi iliyamaliza mafua hayo.

Nasikia kazi yako huko maabara ni hivi vipimo vya damu. Nataka uniandikie, kwa mkono wako na kwa cheo chako, kwamba mistari miwili maana yake Musili alikuwa na ugonjwa. Nitaibandika barua hiyo kwenye daftari langu la vizazi na vifo, chini ya jina la Mama, na mjadala utaisha.

Ni mimi mjomba wako,
Ndunda


Kisumu
27 Septemba 2020

Mjomba Ndunda,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Anti Kavutha. Mwambie mboga zipo na samaki nimeshawachoka, ila asiwaambie watu wa hapa. Tunafanya kazi siku sita kwa wiki tukiwa tumefunikwa kutoka kichwani mpaka viatuni, na jioni uso wangu unabaki na alama za barakoa hata jirani yangu ananiuliza nani amenipiga. Nafurahi kusikia habari za ndama. Nyanya angekuwa ameshampa jina.

Siwezi kukuandikia hiyo barua, Mjomba.

Mimi ni binti ya Musili. Nikisema lolote juu yake utasema namtetea, na huenda ukawa na haki. Kwa hivyo usiniamini mimi. Amini kazi uliyoifanya mwenyewe.

Nikiwa darasa la nne ulinipeleka kiwandani wakati wa mavuno. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao tangu saa kumi na mbili, wananung'unika, na wewe hukuwajali. Kwanza uliitazama mizani ikiwa tupu, mshale uko kwenye sifuri au la. Kisha ukaweka lile jiwe la chuma la kilo ishirini. Nikakuuliza kwa nini unapima kitu ambacho uzito wake unaujua. Ukaniambia, "Sipimi jiwe. Napima mizani."

Hiyo ndiyo kazi yangu, nzima. Mtu akiugua, mwili wake hutengeneza askari wa kupigana na ugonjwa, wanaoitwa kingamwili, na wengine hubaki kwenye damu baada ya vita. Kile kipande cha plastiki kinatafuta askari hao. Vipimo vya aina hiyo vimeingia nchini vingi mwaka huu, kila muuzaji anaapa kwamba chake ni sahihi, na sisi tumepewa kuvichunguza kabla watu hawajaviamini. Nilimwomba Mama anitumie picha ya kile cha Baba. Ni mojawapo ya vile vilivyo mezani kwetu.

Sasa tunahitaji jiwe, na tunahitaji mizani tupu. Jiwe ni damu ya watu ambao tuna hakika waliugua. Mizani tupu ni damu ambayo tuna hakika haijawahi kukutana na ugonjwa huu. Hiyo ya pili ingekuwa ngumu kupata mwaka huu, kwa sababu nani anajua nani amekutana na nini? Lakini kwenye friza tuna damu ya zamani, iliyotolewa miaka miwili mitatu kabla korona haijatajwa popote duniani. Tunaipima hiyo. Kipimo kikionyesha mistari miwili hapo, kinasema uongo.

Bado hatujamaliza. Naomba usiandike chochote kwenye daftari kwa sasa, na Baba aachwe kwanza.

Jambo lingine dogo. Yale maziwa yaliyoungua, ilikuwa tarehe ngapi?

Mpwa wako,
Mueni


Kangundo
18 Oktoba 2020

Mueni,

Barua yako ilifika. Mvua imeanza tarehe kumi na nne, milimita tisa kwenye kopo langu. Ndama anaitwa Kasiva kwa sababu Kavutha ndiye aliyeshinda ubishi. Kiwandani wamenichagua tena kwenye kamati ingawa nimestaafu, maana wanasema hakuna anayeweza kugombana na mimi kwa namba.

Nimeisoma habari ya mizani na nimekumbuka siku hiyo. Ulikuwa umevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwiko. Lakini mpwa wangu, mwana akimtetea baba hutafuta maneno matamu, na yako ni matamu sana. Watu wa hapa wote wanasema ni Musili. Sokoni wanasema, kanisani wanasema. Lisemwalo lipo.

Na hata kama kipimo kina kasoro, mtu mwenyewe alikuja kujisifu. Alicheka mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujashuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua; yeye hakuficha kwa sababu hakujua kwamba kuna kuumbuliwa. Ni hilo cheko lake ndilo linaloniamsha.

Loise alipita hapa juzi akielekea kwa daktari wa meno. Alisimama barabarani akamwita Kavutha, wakaongea wakiwa na ua katikati. Mimi nilikuwa nimekaa ndani. Nilimsikia akiuliza kama kaburi linamwagiliwa maji. Hakuniuliza mimi.

Mambo ya maziwa hayana maana.

Kama mizani yenu ni mbovu, usiniletee hadithi. Niletee namba.

Ndunda


Kisumu
29 Novemba 2020

Mjomba,

Salamu kwako, kwa Anti, na kwa Kasiva mwenye miguu minne. Nisamehe kwa kuchelewa. Wenzangu wawili waliugua tukabaki wachache, lakini wamepona. Hiyo si sababu yenyewe ya kuchelewa, na sababu yenyewe nitakuambia nikimaliza namba ulizoomba.

Tulichukua chupa mia tatu za damu ya zamani, zote za kabla ya mwaka 2019. Kipimo kile kilipaswa kuonyesha mstari mmoja mara mia tatu. Kilionyesha mistari miwili mara kumi na nane. Ni watu kumi na wanane ambao kinasema waliugua korona kabla korona haijazaliwa. Kisha tukachukua damu ya watu mia moja waliougua kweli, na humo kikawatambua themanini.

Sasa weka hizo namba Kyumbi. Chukua watu mia moja mwezi wa nane. Tuseme watano waliugua kweli. Hicho ni kisio changu tu, lakini wakati ule walikuwa wachache. Kipimo kitawatambua wanne. Kati ya wale tisini na watano ambao hawakuugua, kitawasingizia karibu sita. Watu kumi watarudi nyumbani na mistari miwili mkononi, na sita kati yao hawakuugua kamwe. Baba anaweza kuwa katika wale wanne. Anaweza kuwa katika wale sita. Kipande cha plastiki hakijui, na mimi pia sijui.

Hapo ningeweza kuishia, Mjomba, na nimekuwa nikijaribu kuishia hapo kwa wiki tatu.

Unakumbuka Machi 2018, nikiwa mwanafunzi, nilikuja na wenzangu kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kangundo kuomba watu damu kwa ajili ya mradi wetu wa chuo? Watu waliogopa. Walisema tutaiuza, wengine wakasema ni ya mashetani. Nyanya akasimama kutoka nyuma, akakunja mkono wa sweta. "Chukua, mjukuu," akasema. "Hii yangu imezeeka lakini haijaharibika." Watu kumi na sita walikuwa wameshapewa nambari lakini bado wanasita kwenye benchi; yeye akapewa nambari kumi na saba na akatolewa wa kwanza. Wakati damu inaingia kwenye chupa aliniuliza kama anaweza kuendelea kusokota kamba ya kiondo kwa mkono ule mwingine.

Chupa zile za Kangundo ni sehemu ya zile mia tatu. Kwetu hakuna majina, ni namba tu, na orodha imefungiwa kabatini. Lakini ile namba mimi sihitaji orodha. Siku niliyoipima, nilisubiri dakika kumi na tano, na mistari ikatokea miwili.

Nilikwenda kwa mkuu wetu, Dahabo, nikamwambia kwamba najua hiyo ni ya nani. Aliniondoa kwenye meza ile siku hiyo hiyo. Mtu mwingine, asiyejua lolote, akairudia mara tatu na vipande vipya. Miwili, kila mara. Huenda ni mafua ya zamani, huenda ni malaria, kuna kitu kwenye damu ya Nyanya ambacho kipimo kinakidhania kuwa korona. Dahabo akasema kwa kuwa amefariki, na wewe ndiye mwanawe mkubwa, una haki ya kuambiwa, na wewe peke yako.

Nyanya angepimwa na gari lile mwezi mmoja kabla hajaambukizwa, angerudi nyumbani na mistari miwili. Wangemwambia ameshaugua, ameshapona, ana kinga. Naye angecheka, Mjomba, vilevile Baba alivyocheka. Hicho kicheko kilikuwa cha mtu aliyeambiwa habari njema. Hakikuwa cha dharau.

Mueni


Kangundo
12 Desemba 2020

Mueni,

Nyumbani ni salama. Mgongo wa Kavutha unamsumbua tena.

Nimekaa na barua yako siku nne bila kumwonyesha mtu. Namba nimezihesabu upya mara mbili na hazina kosa.

Nilimzika mama yangu bila kumwona uso. Walimfunga kwenye mfuko wenye zipu, nikaomba nifungue kidogo tu nimwone, wakanikataza, na walikuwa na haki. Sasa unaniambia kuna sehemu yake iko kwenye barafu huko Kisumu tangu mwaka wa 2018, imewekewa namba, na watu wasiomjua wanachota matone. Sisi mtu tunamzika mzima. Hukuniambia siku zile. Hukuniambia siku ya mazishi.

Ilete. Nitachimba shimo dogo kando yake na nitafanya mwenyewe, sitaki maafisa.

Ndunda


Kisumu
17 Januari 2021

Mjomba wangu,

Heri ya mwaka mpya, kama mwaka utakubali kuitwa hivyo. Pole kwa Anti na mgongo wake. Namtumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii. Hapa joto ni kali na ziwa limejaa magugu.

Una haki ya kukasirika. Nilipaswa kukuambia. Siku ya mazishi nilikuwa maabara, nimesimama mbele ya friza ile, na nilijua yumo, na sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu. Nililia nikiwa na barakoa mbili usoni na sikuweza hata kupangusa. Nisamehe kwa hilo.

Lakini hakuchotwa kwa siri. Nilimsomea karatasi yote kwa Kikamba, pamoja na pale panaposema damu itahifadhiwa kwa kazi za baadaye ambazo hatuzijui bado. Aliuliza itakaa huko mpaka lini. Nikamwambia mpaka iishe. Akasema, "Vizuri," akaweka kidole gumba. Imebaki kiasi cha nusu kijiko cha chai. Dahabo amesema ukiitaka utapewa, na nitaileta mimi mwenyewe. Uamuzi ni wako na sitakusukuma.

Kuna jambo la Baba. Mwezi wa kumi na mbili aliniomba nimtafutie mahali pa kupimwa vizuri, kwa mashine, si kwa kipande cha gari. Amepimwa Nairobi na majibu yametoka. Sitakuambia yanasema nini. Ni ya kwake, na ukitaka kuyajua kuna mtu mmoja tu wa kumwuliza, na anakaa Kyumbi, mahali ambapo hata kwa baiskeli ungefika.

Lakini nisikudanganye kwa kukuachia tumaini la bure. Hata mashine ile nzuri haijui ugonjwa ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani. Kingamwili pia hupungua. Mtu aliyeugua Juni anaweza kupimwa Desemba na zisionekane. Mstari hauwezi kumfunga Baba, na kukosa mstari hakuwezi kumfungua. Hicho unachokitafuta hakimo kwenye damu ya mtu yeyote. Ningekuwa nacho ningekupa, hata kama kingemwumiza baba yangu.

Sitakuuliza tena kuhusu maziwa.

Mueni


Kisumu
9 Mei 2021

Mjomba,

Salamu. Mlifungiwa kaunti na nikashindwa kuja Pasaka. Sasa barabara zimefunguliwa lakini barua yako sijaiona kwa karibu miezi minne sasa. Mama anasema u mzima, amesikia kutoka kwa Anti juu ya ua. Ningependa kusikia kutoka kwako. Hata mistari mitatu, hata ya mvua tu.

Mueni


Kangundo
13 Julai 2021

Mpwa wangu Mueni,

Hatujambo. Mvua ya masika ilikuwa mbaya, milimita mia moja na nne kwa msimu mzima, lakini kahawa ya mteremko wa chini imevumilia. Kasiva amenenepa na ana kiburi. Mgongo wa Kavutha umepona kwa ile dawa yako, na sasa anaipaka pia goti langu, niombe nisiombe.

Najua huko kwenu ziwani mmewekewa tena masharti na hukuweza kuja kwenye ukumbusho. Kwa hivyo nitakuandikia kila kitu kwa utaratibu wake. Nimechelewa kwa sababu kuna namba moja uliyoniomba mwezi wa Septemba na sikutaka kuitoa.

Ilikuwa tarehe ishirini na tano Juni. Sikuhitaji kukumbuka, iko kwenye daftari: "Maziwa yameungua, sikusikia harufu." Mimi huandika kila kitu, hata upuuzi, na huo nikauandika kwa ajili ya kucheka. Siku sita kabla ya hapo nilikuwa Konza kwenye mazungumzo ya mahari ya binti ya rafiki yangu. Tulikuwa wanaume kumi na wawili kwenye chumba kimoja, madirisha yamefungwa ili chifu asituone, maana mikutano ilikuwa imekatazwa. Tulikula kwenye sinia moja. Kisha nikarudi nyumbani, na kwa kuwa mgongo wa Kavutha ulikuwa umemlaza, ni mimi niliyempa Mama uji asubuhi na jioni. Nilikuwa nikiuonja kwanza kama ni moto, kwa kijiko kile kile.

Ulipouliza tarehe nilijua kwa nini unauliza, maana redio ilikuwa imeshatangaza kwamba korona humwondolea mtu harufu. Nilijua hata kabla hujauliza. Niliandika ile barua ya kwanza ili unipe karatasi yenye jina la mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda Kyumbi. Baba yako alikuwa anaosha lori. Aliponiona alifunga maji, akapangusa mikono kwenye suruali, lakini hakunipa mkono.

"Nimekuja kukuambia kitu," nikasema.

"Kama ni ile mambo ya kipimo, niko na karatasi ya maabara. Ngoja niilete."

Akaingia kwenye lori, akatoa bahasha kutoka nyuma ya kile kibao cha kukinga jua juu ya usukani, imekunjwa na ina vumbi. Miezi sita aliiweka hapo akinisubiri. Akaninyooshea. Sikuifungua. Nilimrudishia, nikamwambia nimekuja na la kwangu, na nikamweleza habari ya Konza na ya kijiko. Sijui nilisema kwa muda gani. Alinisikiliza akitazama gurudumu.

"Hiyo ya Konza nilikuwa najua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Mbuzi wa ile mahari nilibeba mimi. Nilishusha nikaenda zangu. Nilikuona kwa mlango ukiingia."

Nilimwuliza mbona hakusema, siku ile niliyomfukuza mbele ya watoto wake, wala mwaka mzima nilipokuwa nikimtangaza sokoni.

"Wewe ni muthoni wangu, shemeji wa heshima," akasema. "Ningesema aje?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kingine, na nitakiandika ingawa kinaniaibisha. Wewe umesomea mjini, huenda hujakiona sana. Kwetu mkwe hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye, haingii alipolala. Tarehe ishirini na nane Juni Musili alileta mbuzi na akakaa kando ya ghala la mahindi, hatua ishirini kutoka kwa Mama, akamsalimu akitazama pembeni, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yake. Serikali ilipotuambia tukae mbali na wenzetu, yeye peke yake katika familia hii alikuwa anajua namna. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilimshtaki mtu ambaye desturi yetu wenyewe ilikuwa imemweka mbali naye, na hilo halikuhitaji maabara.

Mama yako alitoka nyumbani akatukuta tumesimama hivyo, wanaume wazima wawili, macho mekundu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akasema basi ingia, ukikaa hapo nje chai itapoa. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kutoka kwa dada yangu tangu Agosti.

Jumapili tulikuwa watu thelathini kaburini, wote na barakoa. Kabla ya maombi nilisimama nikawaambia majirani kwamba niliyoyasema juu ya Musili nayafuta, na nikawaambia sababu, pamoja na Konza. Wengine walitazama chini. Mzee mmoja wa kamati alinung'unika kwamba mambo mengine si ya kusemwa mbele ya wanawake. Nikamjibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeshaumbuliwa vya kutosha. Musili alimwaga sementi ya kwanza. Alisimama upande wa miguuni, kwa mbali, akageuza uso kidogo kama kawaida yake.

Usiniandikie kunifariji kwamba si mimi. Uliniambia mwenyewe kwamba hakuna kipimo kinachojua, na nimekuelewa: sitajua kamwe, na wewe pia hutajua. Nimeamua kulibeba likiwa hivyo, nusu. Linanielemea, lakini ni langu, na halimo tena mgongoni mwa mtu mwingine.

Imebaki habari ya ile chupa. Shimo nilikuwa nimeshalichimba, mwezi wa Desemba, siku ile ile niliyokuandikia. Jumapili, wakati wanachanganya sementi, nililitazama, nikamkumbuka Mama na ile kamba aliyotaka kusokota huku unamtoa damu. Sijawahi kumwona amekaa bure. Hata wiki aliyougua alikuwa na uzi mkononi. Nilichukua jembe nikalifukia shimo likiwa tupu.

Usiilete. Mwambie Dahabo waendelee kumtumia, kila kipimo kipya kinapokuja kuapa. Na siku lile tone la mwisho litakapokwisha, niandikie tarehe. Nimeacha mstari mmoja wazi kwenye daftari, chini ya ule wa Julai.

Ni mimi,
Ndunda wa Kalondu